Alama Nyuma ya Nyumba

Mfungo Nane, 6, mwaka 1323

Marehemu baba yangu, Mwalimu Bashiru, aliniachia vitu viwili: herufi na bunda la karatasi. Hapa Mtawanya watu husema herufi kwa mwanamke ni kazi bure, na karatasi panya wameanza kuzila. Kwa hiyo naandika. Kila mwaka nakandika na kupamba nyumba za watu, na kila masika yakipita nasahau ni udongo upi uliovumilia mvua na upi uliomomonyoka. Mwaka huu nitajua.

Mpunga umeingia ghalani. Sasa ni zamu ya nyumba: kuta kwanza, wakati huu wa kipupwe, maana jua likiwa kali udongo hupasuka. Kisha sakafu, kwa udongo wa kichuguu. Mwisho kabisa uani, mrihani na asumini zipandwe kwenye vigae vya mitungi vuli ikikaribia, Ramadhani itukute nyumba zinanukia.

Jumbe Abbasi ameniita. Binti yake Siti ataolewa baada ya Idi. Akasema, "Bi Mwanabibi, nataka chumba ambacho mtu akiingia asahau alichokuja kusema." Nikamwuliza rangi gani. "Nyeupe na nyekundu. Nyekundu ile yako."

Nyekundu ile yangu ni ngeu, udongo mwekundu uliosagwa ukachanganywa na mafuta ya mbarika. Haioshwi na mvua. Hakuna mwingine anayeijua.

Mfungo Nane, 9

Nimechimba udongo mweupe kando ya mto. Mzuri, laini kama unga wa muhogo.

Mfungo Nane, 20

Mume wangu Muhidini amekwenda Delta kukata boriti za mikoko. Kasema siku kumi. Hakuchukua shoka kubwa.

Mfungo Tisa, 4

Upande wa kusini, ng'ambo ya mto, kuna moshi ambao si wa kuchoma mashamba. Watu wanasema Wamatumbi wameng'oa pamba ya Wadachi, na kwamba yuko mganga anayegawa maji, ukiyanywa risasi ya Mdachi inageuka tone la mvua. Hapa kila mtu anasema hajui kitu. Wanasema hivyo haraka mno.

Leo alasiri mwanamke mmoja kapiga hodi. Mrefu, miguu imepasuka, kanga moja. Jina lake Mwanamina, katoka huko kwenye vilima. Mumewe kauawa, nyumba imechomwa. Kaomba kazi yoyote. Nikamwuliza anajua nini. Akachovya vidole vitatu katika chungu changu cha rangi, akavigusisha ukutani, akavigusisha tena, mstari mzima, mpaka ukuta ukawa kama ndege kanga kapita juu yake kwa miguu yake.

"Kwetu tunauita unyayo wa kanga," akasema.

Urembo mzuri mno. Nimemkaribisha. Lakini nimehamishia chungu cha ngeu chumbani kwangu.

Mfungo Tisa, 15

Mwanamina anafanya kazi bila kusema. Tunakula chungu kimoja. Jirani yangu Biasha anampenda, wanacheka pamoja uani. Mimi sijawahi kumchekesha.

Chumba cha Siti kimefika nusu. Udongo mweupe umekaa vizuri. Nimekiacha pale kibuyu cha nyekundu kwa ajili ya mkanda wa chini.

Mfungo Tisa, 24

Muhidini karudi. Siku thelathini na nne badala ya kumi. Boriti hana. Kasema maji ya bahari yalijaa, mtumbwi ukazama. Miguu yake haina hata kovu moja la mikoko.

Mwanamke, nilijiambia. Ana mwanamke huko. Nikampakulia wali.

Rajabu, 3

Nilikuwa nakandika ukuta wa nyuma wa Biasha na mumewe Haruni. Karibu na mlango wa jikoni, usawa wa goti, kuna alama: mistari miwili iliyopishana, mirefu kama kidole. Nyekundu. Nikadhani watoto. Nikaisugua kwa kitambaa kibichi, haikutoka.

Haitoki kwa sababu ni ya mafuta ya mbarika.

Rajabu, 5

Nyingine nyumbani kwa Mzee Huseni. Na nyingine kwa Swalehe. Zote nyuma, zote usawa wa goti, pale ambapo asiyefanya kazi ya kuinama hawezi kuziona.

Nimechora mstari kwa mkaa ndani ya chungu changu, kuonyesha rangi ilipoishia.

Rajabu, 6

Rangi iko palepale kwenye mstari.

Rajabu, 8

Rangi iko chini ya mstari, upana wa kidole. Muhidini anasema joto limeikausha. Tangu lini Muhidini anajua habari za rangi? Mwanamina anasema hajagusa. Hakunitazama aliposema.

Watu sasa wameziona alama. Kisimani leo, nilipofika maneno yalikatika. Mke wa Swalehe akaniuliza, "Shoga, hiyo nyekundu yako, siku hizi unaiuza?" Wengine wakatazama ndoo zao.

Nyumba yangu haina alama. Nimeizunguka mara tatu. Natamani ingekuwa nayo.

Rajabu, 11

Alfajiri nilitoka kwenda kuchota maji. Nikamwona Mwanamina nyuma ya nyumba ya Biasha, amechutama ukutani, mkono unakwenda na kurudi. Nilipokohoa aliruka. Vidole vyake vilikuwa vyekundu.

"Unafanya nini?"

"Nilijisaidia, dada."

"Ukutani kwa watu?"

Akainuka akapita kando yangu. Tulipokula, nilimwona ananitazama mikono yangu, kisha chungu changu, kisha mikono yangu tena. Mwizi humtazama mwenye mali namna hiyo, nilijiambia.

Rajabu, 13

Nimekwenda kwa Jumbe Abbasi. Sikwenda kushitaki, nilikwenda kuomba shauri. Nimeandika hivyo, na sasa nikisoma naona si kweli. Nilikwenda kushitaki. Nilitaka kisimani wanitazame tena kama zamani.

Nikasema, "Jumbe, mgeni wangu katoka kule kwenye maji. Rangi yangu inapungua. Nimemkuta alfajiri ukutani kwa Haruni, vidole vyekundu."

Jumbe alikuwa anakunywa uji. Aliweka bakuli chini. Uso wake ulifanya kitu nisichokielewa, kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Umefanya vema kuniambia," akasema. "Vema sana."

Rajabu, 14

Wamekuja watu wawili wa serikali wenye kofia nyekundu. Mwanamina alikuwa anakanyaga udongo. Hakukimbia, hakulia. Walipomfunga kamba shingoni alinigeukia akasema, "Udongo huu bado, usiutumie leo."

Wakamvusha mto, kwenda bomani.

Rajabu, 15

Sikufanya kazi.

Rajabu, 21

Kuna alama mpya nne. Zimefika saba.

Nimesoma niliyoandika mwezi huu wote. Na Mwanamina yuko bomani.

Shaabani, 2

Joto. Mawingu yanakuja upande wa bahari yanarudi.

Nilikuwa nafua shuka la Muhidini. Ndani ya pindo kulikuwa na kijitete cha mwanzi kilichozibwa kwa nta. Nikakifungua. Maji tu.

Nilipomwekea mbele hakukana. Alikaa juu ya kinu kama mtoto.

"Si mwanamke?" nikamwuliza.

"Mwanamke gani?" Akanitazama kwa mshangao wa kweli, na kwa mara ya kwanza tangu arudi nilimwamini. "Tulikwenda wengi, mke wangu. Tuliyanywa, tukapakwa. Tulikuwa tumechoka na shamba la pamba la Jumbe, na viboko vyake. Tulipokwenda vitani, wenzangu wawili walisimama mbele ya bunduki wakipiga kelele, 'Maji! Maji!' Mimi nilikuwa nyuma yao. Nikaona migongo yao inafunguka."

Alilia. Nikayamwaga yale maji kwenye kigae cha mrihani.

"Nani mwingine wa hapa alikwenda?"

Akataja majina. Haruni. Swalehe. Kijana wa Mzee Huseni. Nikahesabu kwa vidole. Pamoja na yeye ni wanane. Alama ni saba.

Shaabani, 6, Ijumaa

Siku hii nitaiandika yote.

Asubuhi nilikwenda kumalizia chumba cha Siti. Kibuyu cha nyekundu nilichokiacha pale karibu siku hamsini zilizopita kilikuwa kitupu kabisa. Mkanda wa chini haujapakwa. Ndani ya kibuyu kulikuwa na kipande cha kumbi la nazi kilichochongwa ncha. Mimi sichori kwa kumbi.

Siti alikuwa mlangoni. Binti mwenye haya, sijawahi kumsikia akimaliza sentensi. Akasema, "Baba alikichukua. Hata kwenye chungu chako kule nyumbani alichota, siku ulipokuwa mtoni. Mimi nilidhani..." Kisha akanyamaza, kwa sababu baba yake alikuwa nyuma yake.

Jumbe alimtoa binti nje. Akakaa kwenye kizingiti, mzee wa watu, amechoka, magoti mbele.

"Jumatatu askari watapita," akasema. "Mahali pengine hawakuuliza. Walichoma kijiji kizima, na ghala zote, na watu wanakula mizizi. Mimi nimewaomba waulize. Nimewaambia: zitafuteni nyumba zenye alama, hizo ndizo zilizokunywa maji. Saba. Saba, ili thelathini zibaki. Nambie ungefanya nini."

"Ungesimama wewe mwenyewe ukanyoosha kidole," nikasema.

"Mbele ya watu nitakaoishi nao? Jumatatu nitakuwa Kibiti mimi na Siti. Nikirudi, nitasema alama zilichorwa na mgeni na wenzake wa kule. Wewe mwenyewe ulinipa huyo mgeni."

Nikauliza kitu kidogo, kwa kuwa kikubwa kilinishinda: "Na nyumba yangu? Muhidini naye alikwenda. Unajua."

Jumbe akautazama ukuta mweupe, pale ambapo mkanda ungepita.

"Chumba hakijaisha," akasema.

Nilitoka nikaenda moja kwa moja kwa Biasha. Nikamwambia yote, na langu nikalisema, kwamba mimi ndiye niliyempeleka Mwanamina. Biasha aliacha kupepeta.

"Alikuwa anaifuta," akasema.

"Nini?"

"Alama yangu. Alinionyesha. Kwao zilichorwa hivyohivyo, kisha askari wakaja. Kila alfajiri alikuwa akisugua kwa mchanga, na inatapakaa tu. Alinikataza nisikwambie wewe."

"Kwa nini mimi?"

Biasha aliitazama mikono yangu. Rangi ilikuwa yangu.

Shaabani, 7 na 8

Naandika kwa ufupi, mikono inauma.

Biasha alitaka tupake nyeupe juu ya alama. Nikamwambia haifai, mafuta ya mbarika yatapenya nyeupe kabla ya adhuhuri. Nyekundu huifichi kwa nyeupe, unaificha kwa nyekundu. Tukapaka kila nyumba. Si saba, zote thelathini na saba, ukuta wa nyuma, mkanda mmoja usawa wa goti, na unyayo wa kanga juu ya alama na pasipo na alama, mpaka hakuna jicho linaloweza kusema hapa palianza kitu kingine.

Wanawake wote walitoka. Mke wa Swalehe alichimba ngeu mpaka kucha zikang'oka. Mbarika ziliisha, tukatumia mafuta ya nazi, tukaomba Mungu mvua isinyeshe. Sikuwafundisha namna ya kuchovya vidole, nilionyesha mara moja kama nilivyoonyeshwa, wakaweza. Wengine mistari ilipinda. Niliiacha.

Jumapili alasiri niligeuka nikamwona Siti, mikono myekundu hadi viwikoni. "Siendi Kibiti," akasema, na kwa mara ya kwanza sentensi ikaisha.

Shaabani, 9

Walikuja jua likiwa limepanda, askari ishirini na shaushi, mkubwa wa kikosi chao. Waume zetu wote walikuwa wamekimbilia kwenye matete ya mto. Sisi tulibaki mabarazani, tumefagia, tumetandika mikeka, kama watu wanaongoja wageni.

Shaushi alizunguka nyuma ya nyumba ya kwanza. Ya pili. Ya tano. Akarudi uso umewiva.

"Tumeambiwa nyumba zenye alama. Zote zina alama!"

Mke wa Swalehe aliendelea kunyoosha mkeka.

"Basi zote zichomwe."

Hapo ndipo nilipojua kosa langu la pili. Sikuwa nimefikiri mpaka hapo. Nilikuwa nimewaza ukuta, sikuwaza mtu. Askari mmoja alikuwa tayari ameshika kuti linalowaka.

Jumbe Abbasi alitoka njia ya Kibiti, anakuja mbiombio, kilemba kimefunguka. Alikuwa amefika nusu ya safari akarudi kumtafuta Siti. Akamwona pale barazani kwetu na mikono ile. Akautazama ukuta. Nilimwona akielewa. Angeweza bado kunyoosha kidole, nyumba saba alizijua kwa moyo, na wakati huu ya nane pia.

Akasema, "Afande, hayo ni mapambo. Binti yangu anaolewa. Ni desturi yetu, kijiji kizima hupambwa."

"Na zile alama ulizosema?"

"Nilikosea. Hapa hakuna aliyekunywa maji."

"Umetusumbua safari yote hii kwa kukosea?"

"Nimekosea, afande."

Walimlaza palepale juu ya uwanja niliofagia. Hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Siti alihesabu kwa sauti mpaka kumi na tatu, kisha akashindwa, nami nikaendelea. Sikuwa nampenda mtu yule. Simpendi hata sasa. Lakini kila kiboko kilipotua nilisema namba yake, asiwe peke yake.

Walichoma ghala mbili za mpunga, wakachukua mbuzi na kuku, wakaondoka. Nyumba zote zimesimama.

Shaabani, 10

Mvua ya kwanza. Mafuta ya nazi hayakuvumilia, nyumba kumi zinatiririka nyekundu. Mbarika imevumilia.

Shaabani, 19

Nimekwenda bomani na Muhidini kumwombea Mwanamina, tumevuka mto kwa mtumbwi. Karani alinisikiliza akiwa anachonga kalamu. Mwanamke hawezi kumtoa mwanamke, akasema. Neno lililomfunga ni la Jumbe, limfungue la Jumbe.

Nilimwona kwa mbali. Wanabeba udongo kichwani kujenga ukuta wa ngome. Kichwa kimenyolewa. Sijui kama aliniona.

Shaabani, 21

Kwa Jumbe. Analala kifudifudi, Siti anampaka mafuta ya nazi. Nikamweleza.

"Unataka niende kwa hao hao," akasema, uso ukiwa ndani ya mkeka.

"Ndiyo."

"Niseme mara ya pili kwamba nilikosea."

"Sote wawili tulikosea. Neno langu halikubaliki pale."

"Mgongo ukipona," akasema.

Sikumwamini.

Ramadhani, 1

Tumefunga. Hakuna mpunga wa kutosha wa futari.

Ramadhani, 9

Muhogo.

Ramadhani, 17

Jumbe ameondoka na bakora yake, peke yake. Siti aliniambia. Mimi nilikwenda kuhakikisha, nikazikuta nyayo zake kwenye tope la njia ya mto. Nina aibu kwamba nilikwenda kuhakikisha.

Ramadhani, 26

Karudi. Wamemwambia wataangalia.

Mfungo Mosi, 1

Idi. Tumesali, tumekula kidogo. Asumini zimechanua uani kwa Biasha, kwangu bado.

Mfungo Mosi, 8

Siti kaolewa. Ngoma moja, wageni wachache, chumba bila mkanda wa chini. Hakuna aliyeuliza.

Mfungo Mosi, 12

Mwanamina karudi.

Nilikuwa barazani. Alikuja kwa njia ya kisima, mwembamba, kitambaa kimefungwa juu ya kichwa kilichonyolewa. Nilisimama. Alipita mlango wangu kama mtu apitavyo mlango wa nyumba isiyo na wenyewe, akapiga hodi kwa Biasha. Nilisikia Biasha analia, nikasikia mlango unafungwa.

Mfungo Mosi, 13

Biasha kampa kipenu cha nyuma. Kuta zake ni fito tupu, mvua inaingia.

Mfungo Mosi, 14

Leo nimekanyaga udongo tangu asubuhi, nikaubeba mara sita mpaka kwa Biasha. Mwanamina alikuwa amekaa chini mlangoni. Sikumwomba ruhusa, wala yeye hakunizuia. Nikaanza kukandika.

Nilipomaliza ukuta mmoja nikasema niliyokuja kusema. Si mengi. Kwamba ni mimi. Kwamba sikulazimishwa.

Alikwangua tope kwenye kidole cha mguu wake. Kisha akasema, bila hasira, na afadhali angekuwa na hasira:

"Dada, nami nilikushuku. Rangi ilikuwa yako, chungu ulikilaza chumbani kwako kama mtoto. Kila nilipokula nawe nilijiambia, huyu ndiye anayewaza kutuchoma. Nilikuwa na hakika kuliko wewe."

"Mbona hukumwambia mtu? Jumbe, au Haruni?"

"Kwetu niliona kinachofuata mtu akiambiwa." Akaitazama mikono yake, viganja vimechubuka kwa udongo wa ngome. "Nikaona ni afadhali nifute."

Nikachota udongo, nikaendelea na ukuta wa pili, macho yananiuma, mkono ukienda wenyewe. Mvua ilikuwa inanguruma upande wa Delta. Nilikuwa nimekaribia kona aliposema nyuma yangu:

"Hapo umeparuka."

Nikarudi nyuma, nikapakandika.